Wanafunzi wa sheria na usuluhishi: dhana potofu na ukweli wake

Kwenye vyuo vingi vya sheria nchini Tanzania, kinachojaza ukumbi ni mahakama ya mfano. Watu huazima majoho na kujifunza kusema "naomba kuwasilisha, mheshimiwa jaji". Kipindi cha usuluhishi huwa kinahesabika kuwa cha kukamilishia mtaala tu. Ndiyo maana dhana zifuatazo zinahitimu pamoja na wanafunzi wenyewe.

"Usuluhishi ni hiari. Kazi ya wakili iko mahakamani."

Anayeamini hivyo atashtuka akianza kazi. Amri ya VIII ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaitaka mahakama ipeleke shauri kwenye majadiliano, usuluhishi au njia nyingine ya aina hiyo kabla ya kulisikiliza. Utaratibu huo uliingia mwaka 1994, na kanuni zake zikaandikwa upya 2019. Mdai asipofika kikaoni bila sababu ya msingi, shauri lake linaweza kufutwa. Mdaiwa asipofika, utetezi wake unaweza kuondolewa.

Mgogoro wa kazi nao unaanzia CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa upande wa ardhi, tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata haliamui tena kiwanja ni cha nani. Linasuluhisha, na likishindwa ndipo mtu anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Talaka ndiyo yenye mtego mbaya zaidi. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, ukiacha hali chache za pekee, huwezi kufungua ombi la talaka bila hati ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa inayosema limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. Kuna kesi zilizofika hadi Mahakama ya Rufani, mwenendo mzima ukabatilishwa kwa kasoro ya hati hiyo moja. Wanandoa wakarudi mwanzo, miaka imekwenda.

"Msuluhishi ni hakimu mpole."

Mwamuzi anatoa tuzo, yaani uamuzi unaozifunga pande zote, msuluhishi hatoi. Hana mamlaka ya kumwambia mtu yeyote kwamba ameshindwa. Darasani utaona mwanafunzi aliyepewa nafasi ya usuluhishi anakaa sawa kwenye kiti na kuanza: "Ni kweli au si kweli kwamba tarehe hiyo hukuwepo kazini?" Hapo wadaawa, yaani pande mbili za mgogoro, wamekwisha kujifunga wasiseme zaidi.

"Kusuluhisha ni kugawana nusu kwa nusu."

Dhana hii ndiyo ngumu kung'oa, na maelezo ya ubaoni hayaing'oi. Linaloing'oa ni zoezi la karatasi za siri. Chukua mfano huu: mtunza stoo ameachishwa kazi kwa tuhuma za wizi. Anadai shilingi 9,000,000. Mwajiri anasema mwisho wake ni 2,000,000. Kila upande una karatasi yake yenye maelezo ambayo upande wa pili haujayaona. Kundi la wanafunzi litajadiliana kidogo, litatua kwenye 5,500,000, na litapeana mikono kwa furaha.

Kisha karatasi zinafunuliwa. Ya mtunza stoo inasema ameshapata kazi kwingine, ila mwajiri mpya anataka cheti cha utumishi na barua isiyomwita mwizi. Ya mwajiri inasema ushahidi wa wizi hana, fedha taslimu hana, na anachoogopa hasa ni wafanyakazi wengine kusikia kiasi kitakacholipwa. Barua, cheti, kiasi kidogo zaidi kwa awamu tatu na makubaliano ya kutotangaza kiasi hicho vingemaliza jambo. Hakuna aliyeuliza.

Mwanafunzi aliyefundishwa asimwulize shahidi swali ambalo hajui jibu lake, hapa anatakiwa aulize hilo hilo. Kubadili tabia hiyo kunachukua muda kuliko kukariri vifungu.

Vifungu navyo vina kazi yake. Cheti cha utumishi ni haki ya mfanyakazi kisheria pale ajira inapokoma. Anayemwakilisha mtunza stoo bila kulijua hilo atakinunua cheti kwa kupunguza fedha za mteja wake, naye mwajiri atakitoa kama zawadi. Kwa hiyo wanaosema usuluhishi unawafaa wasioijua sheria wameligeuza jambo kichwa chini.

"Makubaliano hayana meno."

Yakisajiliwa mahakamani yanakuwa hukumu, na hukumu ya maridhiano haikatiwi rufaa kirahisi. Makubaliano ya CMA nayo hukaziwa, yaani mahakama huyatekeleza, kama hukumu. Basi mwanafunzi afundishwe kuyaandika: "atalipa mapema iwezekanavyo" ni mbegu ya kesi mpya. Andika tarehe, kiasi, akaunti, na nini kitatokea awamu moja ikipita bila malipo.

"Wazee wetu walimaliza kila kitu kwa mazungumzo."

Walimaliza mengi, na mara nyingine aliyenyamazishwa ndiye aliyehesabiwa kuwa ameridhika. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 159, inazitaka mahakama zikuze upatanisho na njia za jadi, lakini papo hapo inakataza njia za jadi zinazovunja haki za msingi. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliridhia shtaka la mauaji kuondolewa baada ya familia mbili kumalizana kwa mila na dini, fidia ikiwemo ngamia na mbuzi. Wanasheria bado wanabishana kuhusu uamuzi ule, na ni mjadala mzuri wa kupeleka darasani.

Mimi ningeongeza zoezi lingine: mke anayepigwa, ameketi pembeni ya mume, na kila swali anaitikia "sawa tu". Msuluhishi anapaswa kuwatenganisha mapema, amwulize mke faraghani kama anaweza kusema bila hofu, na jibu likiwa hapana, afunge kikao. Mwanafunzi anayefanya hivyo apewe alama zote, ingawa hakuna karatasi iliyosainiwa.