Zana za Mtandaoni kwa Wanafunzi Wenye Mahitaji Maalumu: Kagua Kabla Hujaipeleka Darasani

Tangu walimu wagawiwe vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022, zana za kufundishia zimekuwa nyingi. Vitabu vya kiada vya shule za msingi vinasomwa bure kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), na makundi ya WhatsApp ya walimu yamejaa maandalio ya masomo, video na kadi za silabi za KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu). Tunawapongeza walimu wanaohangaika kutafuta, wengi wao kwa bando lao wenyewe. Hata hivyo, malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la elimu maalumu yameongezeka, na mengi yanatokana na mambo ambayo mwalimu angeyagundua kwa dakika tano za ukaguzi.

Lalamiko la kwanza huwa hivi: "Tumempa mtoto asiyeona kitabu cha kwenye kishikwambi, lakini hataki kusoma." Nilikwenda kukaa na mtoto mmoja wa namna hiyo, mvulana wa darasa la tatu anayetofautisha mwanga na giza tu. Aliweka spika ya kishikwambi sikioni, akatelezesha kidole. Sauti ikasema, "Ukurasa wa kwanza," ikanyamaza. Akatelezesha tena. "Ukurasa wa pili." Kimya. Alifika ukurasa wa kumi na nne, kisha akanirudishia kifaa na kuniambia, "Mwalimu, hiki kitabu hakina maneno."

Alikuwa sahihi. Mtu alikuwa amekipiga picha kwa simu ukurasa baada ya ukurasa, akaziunganisha picha hizo kuwa PDF moja na kuisambaza. Programu inayosoma skrini kwa sauti inahitaji maandishi, na mle hamkuwa na maandishi hata mstari mmoja. Kipimo chake ni rahisi: gusa neno moja ukurasani na ushikilie kidole. Likichaguka peke yake, hayo ni maandishi. Lisipochaguka, umeshika picha, na faili hilo halimfai mtoto huyo hata kama limetoka kwa mwalimu mkuu. Vilevile hakikisha sauti ya kifaa imewekwa Kiswahili. Ikibaki Kiingereza itayatamka maneno yetu kwa namna ambayo hata mtu mzima hataambulia kitu.

Michoro nayo inataka maelezo ya maneno. "Mchoro wa mbegu" si maelezo. Mwambie mtoto kwamba mzizi umechomoza upande wa chini, ganda limepasuka, kichipukizi kimejikunja kama ndoana. Bora zaidi ni alivyofanya mwalimu mmoja niliyemtembelea: alipanda maharage kwenye kopo, na yalipochipua akamshikisha mtoto mche mkononi.

Kwenye nukta nundu, yaani maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole, makosa yanajificha zaidi, kwa sababu mwalimu anayeona hayaoni. Programu nyingi za kugeuza maandishi kuwa nukta nundu zinakuja zikiwa zimewekwa kwa Kiingereza chenye vifupisho. Katika mfumo huo herufi a, n na d zikifuatana huandikwa kwa alama moja tu. Sasa lipitishe humo neno "kitanda". Mtoto aliyefundishwa kusoma herufi kwa herufi atapapasa k, i, t, kisha atakutana na alama asiyoijua, kisha a. Neno "ofisi" litampotea tangu mwanzo, maana "of" nayo ina alama yake. Mtoto wa namna hii akiandikwa kwamba "ana uelewa mdogo", anaonewa. Kabla ya kuchapa, badilisha lugha ya programu na uzime vifupisho, kisha umwombe mtu anayesoma nukta nundu apitie ukurasa mmoja kwa vidole.

Kuhusu wanafunzi viziwi, tumeshasema mara nyingi na tunarudia: lugha ya alama si moja duniani. Lugha ya Alama ya Tanzania ina msamiati na sarufi yake. Waingereza, kwa mfano, hutahajia alfabeti kwa mikono miwili, na Wamarekani kwa mkono mmoja. Video nzuri kutoka nje itamfundisha mtoto alama ambazo mwenzake waliyekaa naye dawati moja hazijui.

Na wazazi wanaouziwa video za "kutibu" usonji wasitoe fedha. Hakuna video inayotibu usonji. Kadi za picha za ratiba ya siku zinasaidia kweli, na unaweza kuzichora mwenyewe.

Sasa suala la picha na video za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti, na taarifa za afya zimo humo pia. Kuzichakata, yaani kuzikusanya, kuzitunza au kuzisambaza, kunahitaji ridhaa ya maandishi, itolewe kabla. Wapo wanaotujibu, "Nilimwambia mama yake getini." Maneno ya getini si maandishi. Fomu itaje jina la mtoto na la mzazi au mlezi, kitakachorekodiwa, kitakapowekwa, watakaokiona na muda wa kukitunza. Mzazi asiyesoma asomewe fomu yote mbele ya shahidi, ndipo aweke dole gumba. Ziwe nakala mbili: moja ibaki kwenye jalada ofisini kwa mwalimu mkuu, nyingine aondoke nayo mzazi. Anaweza kuiondoa ridhaa yake wakati wowote. Akifanya hivyo, futa video kwenye kishikwambi, kwenye hifadhi ya mtandaoni na kwenye kila kundi ulikoituma.

Mtu binafsi akitiwa hatiani kwa kufichua taarifa kinyume cha sheria hii, faini haipungui Sh 100,000 wala haizidi Sh milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni au shirika ni kuanzia Sh milioni 1 hadi Sh bilioni 5. Kundi la walimu wa kata lenye watu mia mbili si faragha, na kumwekea mtoto kibandiko usoni huku jina lake na sare ya shule vinaonekana hakumfichi.

Mwenye lalamiko kuhusu zana atuletee faili lenyewe, si picha ya skrini. Aandike darasa, somo, aina ya mahitaji ya mwanafunzi, kifaa kilichotumika na mahali mtoto alipokwama. Jina la mtoto lisiandikwe. Mzazi ambaye picha ya mwanawe imesambazwa aanze kwa mwalimu mkuu kwa barua na abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Asiporidhika, aipeleke pamoja na malalamiko yake Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na asifute ujumbe uliobeba picha hiyo kabla hajaufikisha huko, kwa kuwa ndio ushahidi wake.