Je, wajua kwa nini Mungu aliiadhibu Ashuru, fimbo aliyoitumia mwenyewe?

Katika sura ya 10 ya kitabu cha Isaya, Mungu anaiita Ashuru, dola kubwa ya kale ya Mashariki ya Kati, fimbo ya hasira yake, iliyotumwa juu ya watu waliomwasi. Lakini katika sura hiyo hiyo fimbo nayo inatamkiwa adhabu. Msomaji makini huuliza: ikiwa mtumaji ni Mungu, kosa la aliyetumwa liko wapi?

Jibu limo katika aya ya 7, ambayo wengi huipita mbio. Mfalme wa Ashuru hakujiona ametumwa na yeyote. Moyoni mwake alikusudia kuangamiza mataifa, na ushindi wake akauhesabu kuwa matunda ya nguvu na akili zake. Mungu alitimiza hukumu yake kwa mkono wa mtu huyo, wala hakuuhesabia haki ukatili wake, na ndiyo sababu aya ya 15 inauliza kama shoka laweza kujisifu mbele ya anayelitumia.

Samaria, mji mkuu wa ufalme wa Israeli, ilianguka mikononi mwa Waashuri mwaka 722 KK. Mwaka 701 KK Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aliivamia Yuda na kuuteka mji wa Lakishi, na michongo ya vita hivyo, iliyopamba kuta za jumba lake la Ninawi, mji mkuu wa Ashuru, ipo hadi leo katika makumbusho jijini London. Kumbukumbu zake zajigamba kwamba alimfungia Hezekia, mfalme wa Yuda, ndani ya Yerusalemu kama ndege tunduni, ila hazidai popote kwamba aliuteka mji huo. Mwaka 612 KK Ninawi yenyewe ikaangushwa na Wababeli na Wamedi.

Mkristo wa Dodoma, anayeishi jirani na Bunge na Mji wa Serikali wa Mtumba, huisikia mara nyingi Warumi 13, isemayo kwamba mamlaka zilizopo zimewekwa na Mungu, na mara chache Isaya 10, na kwa maoni yangu hasara yake si ndogo, kwa kuwa anaweza kudhani kwamba kila jambo litendwalo na mwenye mamlaka limekwisha kupata kibali cha mbinguni. Tuchukue utawala wa Wajerumani, ambao reli yao ya kati ilipita hapa. Hata mtu akisema kwamba Mungu aliitumia reli hiyo kwa faida ya makanisa (ingawa Injili ilikwisha kufika Mpwapwa katika miaka ya 1870, kabla ya utawala huo), damu iliyomwagwa katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, bado ina mdai wake.

Tena Isaya haishii kwenye adhabu. Mwishoni mwa sura ya 19 anatabiri njia kuu kutoka Misri hadi Ashuru, mataifa hayo mawili yakiabudu pamoja, na Mungu akiibariki Ashuru, ile ile iliyokuwa fimbo, kuwa kazi ya mikono yake, sambamba na Israeli.