Divai ya bayodainamiki ni divai gani?

Chukua chupa ya divai nyekundu ya Cahors, kusini-magharibi mwa Ufaransa, iliyotoka kwa familia yenye hekta chache za mizabibu kando ya mto Lot. Muuzaji atakusifia mambo matatu kwa pumzi moja: ni nzito, ni ya bayodainamiki, na bei yake haitishi. Ukimsikiliza utadhani jambo moja limezaa lingine. Sivyo. Kila moja lina chanzo chake, na lile lenye jina gumu ndilo watu wanalolielewa vibaya zaidi.

Bayodainamiki ni namna ya kulima, si ladha. Ilianza Juni 1924, pale Rudolf Steiner, mwanafalsafa wa Austria, alipotoa mihadhara minane kwa wakulima huko Koberwitz, wakati ule Ujerumani, leo Poland. Wazo lake ni kwamba shamba ni kama kiumbe kimoja kinachojilisha chenyewe: mifugo itoe samadi, samadi iwe mboji, mboji ilishe udongo, na cha kununua dukani kiwe kidogo iwezekanavyo. Mbolea za chumvichumvi na dawa za kiwandani za kuua magugu ni marufuku. Mpaka hapo ni kilimo hai tu. Kinachoongezwa juu yake ndicho kinachowaacha wengi midomo wazi.

Pembe ya ng'ombe jike hushindiliwa samadi mbichi, ikafukiwa ardhini majira yote ya baridi. Ikifukuliwa, harufu ya samadi imekwisha, kilichobaki ni kitu cheusi kama mboji iliyoiva. Gramu 100 hivi zinatosha hekta nzima. Hutiwa kwenye pipa la maji na kukorogwa saa nzima: upande mmoja mpaka maji yafanye shimo katikati, ghafla upande wa pili, kisha tena. Halafu hunyunyizwa ardhini. Upo pia unga wa mawe ya silika unaofukiwa ndani ya pembe wakati wa joto, na ipo kalenda inayosema lini kupogoa na lini kuvuna kwa kuangalia mwezi.

Mvuvi anayehesabu bamvua na maji mafu hatashangaa kuambiwa mwezi una neno. Lakini bahari tunaiona ikipanda, na kwa mizabibu hakuna aliyeonyesha kitu cha wazi namna hiyo. Uswisi wana jaribio la tangu 1978 linalolinganisha kilimo cha kawaida, kilimo hai na bayodainamiki, japo kwa mazao ya shamba kama ngano na viazi. Matokeo ya miaka 21 yalionyesha mavuno yamepungua kwa takriban asilimia 20 kwenye aina hizo mbili za mwisho, ila udongo wake una uhai zaidi. Mimi pembe siiamini. Naamini miguu: mtu anayepita kila mstari wa mizabibu yake mara nyingi hivyo atauona ugonjwa ungali kwenye jani moja.

Na dawa anapuliza. Mrututu, ambao ni dawa ya shaba, unaruhusiwa dhidi ya ubwiri vinyoya, na salfa dhidi ya ubwiri unga, ileile salfa wanayoijua wakulima wa korosho Mtwara. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7. Kwa hiyo anayekuuzia kwa kusema "haijaguswa na dawa" anakudanganya. Tafuta alama ya Demeter au Biodyvin kwenye chupa. Bila alama ya mkaguzi, hilo ni neno la mdomoni tu.

Sasa uzito. Anayepika kwa nazi anaujua tayari: tui la kwanza na tui la pili zote ni tui, lakini la kwanza linakaa mdomoni. Divai nzito ni hivyo. Cahors hupata uzito wake kutokana na zabibu aina ya Malbec, ambayo kwa sheria ya eneo lile haipungui asilimia 70. Maji yake hayana rangi. Wekundu ule wa kukaribia weusi hutoka kwenye maganda yanapolowekwa humo siku nyingi, na ndiyo yanayoleta tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi kama umetafuna bibo. Jua likiziivisha zabibu vizuri, sukari huwa nyingi, kilevi nacho hupanda, na kilevi huongeza uzito. Pembe haihusiki.

Bei nayo ina hesabu zake. Ardhi ya Cahors haina bei ya Burgundy wala umaarufu wa Bordeaux, maeneo mengine ya divai huko Ufaransa, na jina nalo hulipiwa. Halafu kuna pipa: pipa jipya la mwaloni la lita 225 hutosha chupa 300 tu, na ni ghali. Familia inayotumia matangi ya saruji, au mapipa yaliyokwisha kutumika, inaukwepa mzigo huo, na kwa kuwa kazi ya shambani katika kilimo hiki ni nyingi, ni vizuri wapate pa kupunguza.

Ukiipata, usiinywe na joto la chumba cha Dar es Salaam. Iweke kwenye friji nusu saa, uifungue mapema, na uwe na nyama ya kuchoma yenye mafutamafuta. Mafuta yale huulainisha ukakasi.