Je, wajua kwa nini friji huua yai la kware?

Nilipoanza kufuga kware niliamini kwamba yai likishatagwa uhai bado haujaanza, hivyo baridi ikizidi ndivyo litakavyodumu. Nikaweka trei nzima kwenye friji kwa siku kumi, nikingoja mashine ya kutotolesha ipate nafasi. Kware huanguliwa siku ya 17 au 18 tangu yai kuingia mashineni. Siku hizo zilipita; nikapasua yai baada ya yai, karibu yote viza.

Kumbe yai lililorutubishwa hukaa takriban siku nzima tumboni mwa mama, kwenye joto la nyuzi 40 na ushei, na humo ndimo kiinitete, yaani chanzo cha kifaranga, huanza kujigawa. Linapotagwa tayari kina maelfu ya seli. Kikikutana na hewa ya nje iliyo baridi zaidi, husimama. Porini kware hutaga yai moja kwa siku na haatamii mpaka yatimie, kwa hiyo lile la kwanza limezoea kungoja.

Fikiria makaa yaliyofukiwa majivu usiku. Yakifunikwa vizuri, asubuhi unapuliza tu, moto unawaka. Ukiyamwagia maji, ndiyo friji hiyo: nyuzi 4 kwa siku nyingi huua seli zenyewe. Ukiyaacha wazi nusu, yatajiteketeza polepole, na alfajiri utakuta jivu bila chai. Hivyo ndivyo chumba cha Dar es Salaam au Mombasa chenye nyuzi 30 kinavyofanya: kiinitete hukua kwa kusuasua, kikachoka na kufa kabla hata ya kuingia mashineni. Majivu ya kiasi ni nyuzi 15 hadi 18. Ukuaji husimama chini ya nyuzi 20 hivi, ingawa mpaka huo umepimwa zaidi kwa mayai ya kuku. Kwa kware uchukue kama makadirio.

Hata makaa yaliyofukiwa vyema huisha. Gesi ya kaboni dioksidi hutoka kupitia vitundu vya ganda, ute hulegea, maji hupungua, na yai la gramu 10 hadi 12 hukauka upesi. Ndani ya siku saba hasara ni ndogo; baada ya wiki mbili vifaranga hupungua sana, na wachache wanaotoka huchelewa.

Sasa ncha ya kila yai naielekeza chini, na kabla ya kuyapeleka mashineni nayaacha chumbani saa kadhaa ganda lisitoke jasho.