Kidonge cha Mfanyakazi wa Nyumbani: Kuisoma Kesi ya Ruth Chepngetich

Nanogramu 3,800 kwa kila mililita ya mkojo. Shabiki anayetaka kubishana kuhusu Ruth Chepngetich, Mkenya aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni Chicago 2024 kisha akafungiwa miaka 3 kwa dawa iliyopigwa marufuku, aanze na tarakimu hiyo, halafu ndipo aje kwenye Chicago na uzalendo. Sampuli ilichukuliwa tarehe 14 Machi 2025, na kilichopatikana ndani yake ni haidroklorothiazaidi, HCTZ kwa ufupi. Ni dawa ya presha, ya kawaida kabisa. Wazee wetu wengi wanayo: humfanya mtu akojoe maji na chumvi iliyozidi, presha ikashuka na miguu iliyovimba ikanywea. Kidonge chake mara nyingi huwa cha miligramu 25, ingawa vipo vya 12.5 na vya 50.

Haimwongezei mkimbiaji kasi. Kwa mtu wa marathoni ni hasara tupu, maana inamkausha maji. Imepigwa marufuku kwa sababu mkojo mwingi na mwepesi huzimua mabaki ya pufya nyingine, yaani dawa zilizokatazwa michezoni, hadi maabara ipate taabu kuyaona. Ndiyo maana imo kwenye kundi la dawa za kuficha. Maafisa wa upimaji wanaijua mbinu hiyo, kwa hiyo hawapokei mkojo wowote tu. Wanataka angalau mililita 90, ambapo 60 huingia chupa A na 30 chupa B, kisha wanapima uzito wake ukilinganishwa na maji. Ukiwa chini ya 1.005, mwanariadha anarudi kuketi na kusubiri akojoe tena. Mkojo ukifika mililita 150, 1.003 inatosha.

Sasa turudi kwenye 3,800. Maabara haziripoti HCTZ iliyo chini ya nanogramu 20 kwa mililita. Kikomo hicho kilianza 2021, baada ya kubainika kwamba kiwanda kinachotengeneza dawa za aina nyingi kinaweza kuacha vumbi la dawa moja ndani ya kidonge cha dawa nyingine. Mtu anameza dawa halali ya maumivu, mkojo unaonyesha chembe za dawa ya presha. Kikomo kipo kumlinda mwanariadha wa aina hiyo. Ila 3,800 ni mara 190 ya kikomo. Hapo hatuzungumzii vumbi tena, tunazungumzia dawa iliyomezwa. Tarakimu hiyo, hata hivyo, haisemi ilimezwa kwa nia gani, na wanaodai kwamba namba peke yake inathibitisha kuficha EPO (homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu) wanaitwisha mzigo usioubeba.

Nia ilitafutwa kwingine: mdomoni mwake na kwenye simu yake.

Kitengo cha Uadilifu cha Riadha, AIU, kilimhoji Aprili 2025. Alisema hajui dawa ile iliingiaje mwilini. Simu yake ikanakiliwa. Kuanzia tarehe 19 mwezi huo alikubali kusimama kukimbia kwa hiari. Julai akahojiwa tena, safari hii akiwekewa mezani yaliyotoka kwenye simu, ambayo kwa maoni ya AIU yalidokeza kwamba huenda dawa haikuingia kwa bahati mbaya. Bado hakuwa na maelezo. Kisha tarehe 31 Julai hadithi mpya ikafika: siku mbili kabla ya kupimwa alijisikia mgonjwa, akameza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani bila kuangalia ni dawa gani, na katika mahojiano yote alikuwa amesahau kulitaja jambo hilo. Baadaye akatuma picha ya pakiti. Jina la haidroklorothiazaidi lilikuwa limeandikwa humo waziwazi.

Hapo ndipo utetezi ulipojimaliza wenyewe. Ukisema ulimeza bila kusoma, halafu ukatuma pakiti ambayo kuisoma ni kazi ya sekunde tatu, umethibitisha uzembe ambao sheria ina jina lake: kusudi lisilo la moja kwa moja. Maana yake, uliiona hatari na ukapita juu yake. AIU haikuiamini hadithi, ila ilisema hata ingekuwa kweli, adhabu ingebaki kubwa. HCTZ ni miongoni mwa dawa ambazo kifungo chake huanzia miaka 2, tofauti na EPO inayoanzia 4. Uzembe wa kiwango kile ukaipandisha hadi 4. Naye alikiri na kukubali adhabu ndani ya siku 20 tangu ashtakiwe, na anayefanya hivyo hupunguziwa mwaka mmoja. Imebaki 3, kuhesabu kuanzia 19 Aprili 2025. Kwa hiyo wanaosema kapewa mitatu kwa kuonewa huruma wamekosea hesabu, na wanaosema kaonewa wamekosea zaidi.

Kipengele ambacho mashabiki hawakigusi ni fomu. Kila anayepimwa hujaza fomu yenye nafasi ya kuandika dawa na virutubisho alivyotumia siku za karibuni, kwa kawaida 7 zilizopita. Mwanariadha wa kiwango hiki ameijaza mara nyingi mno. Aliyemeza kidonge cha mtu juzi yake, akiwa mgonjwa, ana sababu zote za kukiandika pale. Kukiandika hakumfutii kosa, ila kunampa ushahidi wa tarehe ambao hakuna barua ya Julai inayoweza kuushinda. Na kama daktari kweli amempa dawa iliyo kwenye orodha ya zilizokatazwa, njia ni kuomba kibali cha kuitumia kwa tiba, akiambatanisha vipimo na maelezo ya hospitali, kabla ya kuimeza isipokuwa kwa dharura.

Hadithi ya dawa ya mtu mwingine si ngeni kwetu. Lawrence Cherono, bingwa wa Boston na Chicago 2019, alipatikana na trimetazidini, dawa ya moyo, kwenye sampuli ya Mei 2022. Maelezo yake: alimeza dawa ya mkewe kwa makosa. Karatasi za hospitali alizoleta kuunga mkono maelezo hayo zikaonekana ni za kughushi, na 2024 akafungiwa miaka 7. Jemima Sumgong, Mkenya wa kwanza mwanamke kushinda marathoni ya Olimpiki, alinaswa na EPO Februari 2017. Akadai alitibiwa Hospitali ya Kenyatta kwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hospitali haikuwa na rekodi ya matibabu hayo, na isitoshe madaktari wa umma walikuwa kwenye mgomo wakati huo. Miaka 4 ya awali ilifuatiwa na adhabu ya miaka 8 kuanzia Januari 2019, kwa kuvuruga uchunguzi. Piga hesabu: uongo uligharimu mara mbili ya dawa.

(Tazama pia nani hubebeshwa mzigo katika visingizio hivi. Mke. Msichana wa kazi. Sijaona hata kimoja ambamo dawa ilikuwa ya kocha.)

Sababu ya uongo kuanguka ni rahisi. Pufya huacha alama moja, kwenye mkojo au damu. Maelezo ya uongo huacha nyingi: namba ya faili hospitalini, zamu ya daktari, ujumbe wa simu, muamala wa M-Pesa, tarehe kwenye risiti. Mchunguzi anahitaji moja tu isiyolingana.

Tunabaki na Chicago. Tarehe 13 Oktoba 2024 Chepngetich alikimbia saa 2:09:56, akipita nusu ya njia kwa 1:04:16. Rekodi ya dunia ya Mwethiopia Tigst Assefa ilikuwa 2:11:53, hivyo iliporomoka kwa karibu dakika mbili. Wengi walitilia shaka siku ileile, nasi mashabiki tukawaita wenye wivu. Uamuzi uliotangazwa Oktoba 2025 haukuigusa rekodi hiyo, kwa sababu sampuli iliyokutwa na dawa hufuta matokeo kuanzia siku ilipochukuliwa, hairudi nyuma. Kurudi nyuma kunahitaji ushahidi mwingine: sampuli ya zamani ikipimwa upya, maana huweza kuhifadhiwa hadi miaka 10, au pasipoti ya damu (kumbukumbu ya vipimo vya damu vya mwanariadha kwa muda mrefu), au maneno yaliyomo kwenye ile simu. AIU ilisema kazi yake kwenye yale ya kabla ya Machi 2025 haijaisha. Mimi siiweki rekodi ile kwenye orodha yangu ya kujivunia, na simlazimishi mwenzangu aitoe kwenye yake. Kwa mujibu wa sheria ni halali, na Assefa ndiye anayeendelea kusubiri.