Kutoka painti hadi sentilita 33: bia nzuri Brussels kwa aliyezoea baa za Uingereza

Mwingereza akihamia Brussels malalamiko yake huwa yaleyale: bia ni baridi mno, gesi imezidi, glasi ni ndogo, na povu limekula robo ya alicholipia. Lalamiko la mwisho huja kesho yake asubuhi, kichwa kikigonga. Makala hii ni ya mtu wa aina hiyo, na humo namhesabu pia Mswahili aliyekulia London au Leicester, ulimi ukazoea bita, ile bia ya Kiingereza ya uchungu wa wastani, kisha kazi ikamleta Ubelgiji. Mji huu una bia nzuri kupita kiasi. Atakayehangaika ni yule anayeendelea kuitafuta painti ya kwao, ile glasi ya mililita 568.

Painti hiyo hataipata, na sababu yenyewe ni ya kiufundi. Bia ya pipa ya Kiingereza, ile inayovutwa kwa pampu ya mkono, ni bia hai: chachu bado imo ndani, na gesi yake ni kidogo. Pipa la kawaida la baa ni la galoni 9, yaani painti 72. Likishafika, lazima likae tuli takriban siku nzima ili chachu itue chini. Likifunguliwa, kila painti inayovutwa huingiza hewa mahali pake, na hewa hiyo huanza kuiharibu bia mara moja. Una kama siku tatu za kuimaliza, kwenye chumba cha nyuzi 11 hadi 13. Sasa lipakie pipa hilo kwenye lori, livushe bahari, litikisike njia nzima, kisha mpe mwenye baa ambaye wateja wake wanaotaka bia hiyo ni kumi kwa wiki. Ukiona pampu ya mkono Brussels, uliza pipa limefunguliwa lini. Jibu likiwa zaidi ya siku tatu au nne, agiza kitu kingine. Chupa na makopo ya Uingereza yanayouzwa madukani nayo siyapendekezi. Tangu Januari 2021 yanapitia forodha, yanafika yamekaa, na unalipa zaidi kwa bia iliyochoka.

Kabla ya kuagiza chochote, fanya hesabu. Bita ya Kiingereza huwa na kilevi cha asilimia 3.5 hadi 4.5, ndiyo maana watu wanaweza kukaa nazo jioni nzima. Ubelgiji glasi ni ndogo kwa sababu bia ni kali. Kwa yuniti za Kiingereza, ambapo yuniti moja ni mililita 10 za kilevi halisi, painti ya asilimia 4 ina yuniti 2.3. Chupa ya Duvel ya sentilita 33, yenye asilimia 8.5, ina 2.8. Rochefort 10, ya asilimia 11.3, ina 3.7 ndani ya chupa hiyohiyo ndogo. Kwa hiyo Duvel tatu ni karibu painti nne, na anayezinywa kwa mwendo wa painti asishangae kichwa kinapouma. Kumbuka pia kwamba kiwango cha dereva Ubelgiji ni gramu 0.5 za kilevi kwa lita ya damu, wakati England ni 0.8. Dereva anayejiamini kwa kipimo cha kwao anaweza kuwa ameshavunja sheria hapa.

Aliyezoea bita aanzie wapi? Mimi humwanzishia De Koninck ya Antwerpen: rangi ya kaharabu, asilimia 5.2, kimea mbele na uchungu kiasi, ndani ya glasi ya duara inayoitwa bolleke. Ni bia ya kila siku, na kwa tabia ndiyo iliyo jirani zaidi na bita. Inywe ikitoka bombani, hasa Antwerpen kwenyewe, ambako pipa halikai. Akitaka uchungu zaidi, watengenezaji wa Brasserie de la Senne, hapahapa Brussels, wanapika Taras Boulba ya asilimia 4.5, nyepesi, kavu, yenye hopi za kutosha (hopi ni maua yanayoipa bia uchungu na harufu), na Zinnebir ya asilimia 5.8 yenye mwili zaidi. De Ranke nao wana XX Bitter, ya asilimia 6 hivi, ambayo jina lake halitanii. (Hopi za Ubelgiji kwa kiasi kikubwa hutoka Poperinge, karibu na mpaka wa Ufaransa, na wakulima wa huko hulima Goldings, hopi ileile ambayo Kent, kusini mwa England, inajivunia. Mwingereza hunusa kwao bila kujua.)

Bia zote hizi za hopi zina adui mmoja, nao ni muda. Harufu ya hopi huanza kufifia wiki chache baada ya bia kutiwa chupani, na joto huharakisha. Tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye chupa haikuambii bia ni mbichi. Inakuambia tu kwamba haijapita. Dukani, chukua chupa ambayo tarehe yake iko mbali kuliko zote, hata kama ni lazima uingize mkono hadi nyuma ya rafu. Usichukue iliyokaa kwenye rafu ya juu chini ya taa, hasa chupa ikiwa ya kijani au isiyo na rangi. Mwanga huvunja viambata vya uchungu wa hopi na kuzaa harufu kali inayofanana na ya kicheche. Chupa ya kahawia hulinda kwa kiasi kikubwa, kopo hulinda kabisa.

Kuna bia moja ambayo umri wake ni sehemu ya kinywaji chenyewe, nayo ndiyo ningemfundisha mgeni kabla ya nyingine yoyote: Orval. Hutengenezwa na abasia ya Orval, kusini kabisa mwa nchi, ina asilimia 6.2, na lebo yake ina samaki mwenye pete ya dhahabu mdomoni. Bia ikishachacha mara ya kwanza hulowekwa hopi kavu. Kisha hutiwa chachu ya porini iitwayo Brettanomyces, ambayo hula polepole sukari ambazo chachu ya kawaida imeshindwa. Kazi hiyo inaendelea ndani ya chupa kwa miezi na miaka. Ukigeuza chupa utaona tarehe mbili: ya kutiwa chupani, na ya mwisho, miaka mitano baadaye. Soma ile ya kwanza.

Chini ya miezi mitatu, Orval inanukia hopi na maganda ya chungwa, na uchungu wake uko wazi. Mtu wa bita ataielewa papo hapo. Kati ya miezi sita na tisa, ambapo mimi naipenda zaidi, hopi bado ipo lakini harufu ya ngozi na nyasi kavu imeingia, na utamu umekwisha. Ikipita mwaka, chachu ya porini imetawala: kavu sana, gesi nyingi, harufu ya zizi ambayo wengine huikimbia. Baa zinazoijali huweka zote mbili, changa na iliyokaa, na mhudumu atakuuliza unataka ipi. Ukiambiwa jeune ni changa, vieux ni iliyokaa. Agiza moja ya kila aina kwa watu wawili, mgawane. Kuhusu joto lake, ni nyuzi 12 hadi 14. Kule nyumbani Afrika Mashariki mhudumu huuliza moto au baridi. Orval inakaa katikati, na hapo Mwingereza yuko kwao kabisa. Ukiletewa imetoka kwenye friji la nyuzi 4, iache mezani nusu saa.

Bia iitwayo lambiki inahitaji subira zaidi. Hii hupikwa miezi ya baridi tu, kwa shayiri iliyooteshwa na ngano ambayo haijaoteshwa, pamoja na hopi kuukuu zilizopoteza harufu. Hopi hizo kazi yake ni kuzuia bakteria, ladha yake haitakiwi. Uji moto wa bia humwagwa kwenye sinia pana la metali na kuachwa usiku mzima, chachu ya hewani ijiingilie yenyewe. Asubuhi huingia mapipani, na huko hukaa hadi miaka mitatu. Ikichanganywa ya mwaka mmoja, miwili na mitatu, kisha ikatiwa chupani ichache tena, ndiyo geuze. Ladha yake ni kali kama ukwaju na kavu kabisa.

Hapa ndipo wageni wengi hupotezwa na lebo. Bia nyingi zenye jina la geuze au la matunda zimetiwa sukari, na mtu akionja moja ya hizo hudhani amemaliza habari ya lambiki. Tafuta maneno Oude Geuze, au Vieille Gueuze kwa Kifaransa. Maneno hayo yanalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya, na hayawekwi kwenye bia iliyotiwa utamu. Kati ya watengenezaji, Boon ni mwanzo mzuri na bei yake ni ya kibinadamu. 3 Fonteinen na Tilquin ni hatua inayofuata. Kiwanda cha Cantillon, kilichoanza mwaka 1900, kiko Anderlecht, mwendo wa dakika kama kumi na tano kwa miguu kutoka stesheni ya Midi, pale treni ya London inaposhukia abiria. Unaweza kutembezwa kiwandani na kuonja hapohapo. Ukikuta baa inayotoa lambiki ya pipa isiyo na povu, ijaribu: kwa aliyechoshwa na gesi ya Ubelgiji, hiyo ni nafuu.

Kuhusu bia za watawa nitasema kidogo tu, maana kila kitabu cha wageni kimeshazisema. Nembo ya pembe sita ya Authentic Trappist Product maana yake bia imetengenezwa ndani ya abasia au jirani nayo kabisa, chini ya usimamizi wa watawa wenyewe. Jina la abasia peke yake halina maana hiyo: Leffe ni ya kampuni kubwa ya bia ya AB InBev na hupikwa Leuven. Kati ya zenye nembo hiyo, Westmalle Tripel ndiyo ningeichukua kwanza.

Sasa lile povu. Glasi ya Ubelgiji ina mstari mdogo unaoonyesha sentilita 25 au 33, na povu hukaa juu ya mstari. Hujapunjwa mpaka bia yenyewe iwe chini ya mstari povu likishatulia. Glasi ya Kiingereza mara nyingi hupimwa hadi ukingoni, ndiyo maana povu kule linaonekana kama wizi. Hapa linafanya kazi: linashikilia harufu na kupunguza gesi ili isikuchome kooni.

Ukimimina mwenyewe nyumbani, simamisha chupa kwenye friji angalau siku moja ili chachu ishuke. Osha glasi, isuuze kwa maji baridi, iache na unyevu. Iinamishe, mimina taratibu bila kusimama mpaka robo tatu, kisha isimamishe na umimine katikati ili povu lipande vidole viwili au vitatu. Acha sentimita moja ya mwisho chupani, humo ndimo chachu ilimo. Ukisitasita na kuiinua chupa mara kwa mara, kila mrudio unaikoroga chachu hiyo na bia inakuwa ya matope. Haidhuru, ila ladha yake huwa nzito kama mkate mbichi. Viputo vikigandama kwenye kuta za glasi, glasi ina mafuta au sabuni, na povu halitadumu.

Baani, pua ndiyo mkaguzi. Harufu ya siagi au ya siki kwenye bia ya bomba mara nyingi maana yake mirija haijasafishwa. Harufu ya boksi lililolowa ni uzee na hewa. Siki kwenye lambiki ni suala jingine kidogo, ukali kiasi unaruhusiwa, lakini ikiunguza pua kama achari, imeharibika. Rudisha glasi mapema, kabla hujaifikisha nusu, na utaje harufu yenyewe badala ya kusema tu ni mbaya. Na baa yenye mabomba mengi na viti vitupu, agiza chupa: bia iliyochachia chupani huvumilia kukaa, ya bomba haivumilii. Usisimame kaunta kungoja zamu kama London. Keti, utafuatwa, na utalipa mwishoni.

Ukirudi kutembelea England, Scotland au Wales, unaruhusiwa kuingia na lita 42 za bia bila ushuru, kwa matumizi yako au zawadi. Kuja upande wa Ulaya ni lita 16 tu. Kreti tano za chupa 24 za sentilita 33 ni lita 39.6, na nafasi inayobaki inatosha geuze tatu za sentilita 75. Kwenye gari kreti zikae wima, chini, zifunikwe zisipigwe jua. Zile geuze unaweza kuzilaza, mradi ukifika uzisimamishe siku mbili kabla ya kuzifungua, na kizibo ukishike kwa kitambaa.