Ya bure, ya nani? Dhana potofu kuhusu programu huria za ramani

Kila ninapomfungulia mtu QGIS, programu ya kutengenezea ramani kwenye kompyuta, hapa Mombasa, awe mwanafunzi wa upimaji ardhi au karani wa mipango, swali la kwanza huwa lile lile: "Hii ni ya bure? Basi ni ya nani?" Anayeuliza hivyo huwa amekwisha kuamini kwamba rahisi ni ghali, na kwamba kisicho na bei hakina mwenyewe, hivyo siku kitakapoharibika hapatakuwa na wa kumwendea. Dhana hiyo ndiyo inayoenea zaidi, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli.

Programu hizi zina wenyewe, na wengi wao wanajulikana kwa majina. QGIS ilianzishwa mwaka 2002 na Gary Sherman, aliyekuwa akiishi Alaska na kutafuta njia ya kutazama data zake za ramani kwenye Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. GRASS, programu nyingine ya ramani, ina umri mkubwa zaidi, kwa kuwa ilianza mwaka 1982 katika maabara ya jeshi la Marekani huko Illinois. Tangu mwaka 2006 pana pia wakfu uitwao OSGeo, unaoilea miradi ya aina hii ili isife pale mwanzilishi anapochoka au kuondoka. Neno "huria" lenyewe halihusu bei. Maana yake ni kwamba mtumiaji ana ruhusa ya kuichungua programu, kuibadilisha na kumpa mwenziwe, kwa masharti ya leseni yaliyoandikwa wazi.

Wapo wanaosema kwamba kazi yote hii hufanywa usiku na watu wanaojitolea bila kulipwa. Wa kujitolea wapo, nao wanastahili heshima, lakini wengine wengi huajiriwa na kampuni, vyuo na idara za serikali kwa kazi hiyo hiyo. Tuchukue mfano wa GDAL, maktaba (yaani programu saidizi inayotumiwa ndani ya programu nyingine) ya kusoma na kuandika faili za ramani za kila namna, iliyoanzishwa na Frank Warmerdam mwaka 1998. Imo ndani ya QGIS, na imo pia ndani ya programu zinazouzwa kwa bei kubwa. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mzigo wake imebebwa na Mfaransa mmoja, Even Rouault, na ni tangu mwaka 2021 tu ambapo kampuni kadhaa kubwa zinazoitegemea zilianza kuichangia fedha za matunzo kwa utaratibu maalumu. Kwa maoni yangu zilichelewa mno.

Dhana ya tatu ni kwamba ya bure haiwezi kuwa sahihi. Siku moja mwanafunzi aliweka ramani ya zamani ya kisiwa chetu juu ya picha ya satelaiti, na Fort Jesus ikaonekana imehamia kaskazini kwa kama mita 300, kuta zake zimekalia nyumba za Mji wa Kale. Akailaumu programu. Kosa lilikuwa letu, kwa sababu ramani ile ilipimwa kwa mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960, unaotumika Kenya tangu zamani, nasi tulikuwa tumeiambia programu kwamba ni WGS 84, mfumo wa satelaiti. Tulipochagua Arc 1960, kanda ya 37 kusini, ambamo Mombasa imo, ngome ilishuka mahali pake, na tofauti iliyobaki ilikuwa ya mita chache. Hesabu hiyo hufanywa na PROJ, maktaba iliyotokana na kazi ya Gerald Evenden wa idara ya jiolojia ya Marekani, na baadhi ya programu za kibiashara nazo huitegemea.

Kuhusu OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watumiaji wenyewe, iliyoanzishwa na Steve Coast nchini Uingereza mwaka 2004, husemwa kwamba imenakiliwa kutoka Google. Kunakili huko kumekatazwa kabisa na kanuni za mradi. Vichochoro vya Mji wa Kale huingia humo kwa mtu kutembea na simu au kifaa cha GPS, au kwa kuchora juu ya picha za angani ambazo wenyewe wameziruhusu zitumike. Husemwa pia kwamba, kwa kuwa yeyote anaweza kuibadilisha, haiaminiki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lipo: kila badiliko huhifadhiwa pamoja na jina la akaunti na tarehe, na kazi ya anayechora barabara katikati ya maji ya Tudor huweza kutenguliwa. Nakiri kwamba kosa huweza kukaa muda mrefu mahali pasipo na mwenyeji wa kuliona, na ndiyo maana nawahimiza watu wa Kisauni na Likoni waitazame mitaa yao wenyewe.

Dhana inayoniuma zaidi ni ile ya kudai kwamba hii ni kazi ya Wazungu. Ushahidi, programu huria ya kukusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani, ilizaliwa Kenya mapema mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Waliokuwa nyuma yake ni pamoja na Ory Okolloh, Juliana Rotich na David Kobia, Wakenya, wakishirikiana na Erik Hersman. Mwaka 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Vijana wa Kibera walianza kuuchora mtaa wao kwenye OpenStreetMap mwaka 2009, na mwaka 2015 Dar es Salaam ikaanza mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa chuo na wakazi walichora mitaro, njia na nyumba za mitaa inayofurika mvua inaponyesha. Mwaka 2018 jiji hilo hilo lilikaribisha mkutano wa dunia wa programu hizi, FOSS4G.

Kwetu Mombasa, kazi inayosubiri ni ya kuingiza majina kwenye ramani. Picha ya satelaiti huonyesha paa na njia, lakini haionyeshi pale Kibokoni inapoishia na Makadara inapoanzia, wala steji ambayo matatu husimama bila kibao chochote.